Mtu Niliyemkuta Kwenye Falaji

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha atulie anisikilize. Hiki si kisa nilichokiokota barazani kwa watu. Kilinifika mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili, mchana kweupe, sina homa wala sina usingizi. Nasema mchana makusudi, kwa sababu watu wengi wanadhani mambo haya yana saa zake za giza. Yangu yalikuja baada ya adhuhuri, wakati kijiji kizima kimejilaza.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nafanya kazi Maskati, idara ya maji. Kazi yangu kuchora ramani za mabomba. Kutwa nimeinamia karatasi na rula katika chumba chenye kiyoyozi, na mtu wa Unguja kama mimi, niliyekulia juu ya baiskeli, kukaa vile ni kuoza. Ujanani nilikuwa nikitoka mjini mpaka Makunduchi na kurudi siku ileile, tena jioni naingia uwanjani kucheza mpira. Basi kila baridi ikiingia nilikuwa nachukua likizo, naitia mafuta baiskeli yangu ya kijani, nafunga begi kwenye karia, nakwenda zangu peke yangu kuzungukia miji ya kale ya huku ndani.

Mke wangu Zuwena alikuwa akiona haya.

"Wenzako wana Landkruza," ananiambia, "wewe mtu mzima na ndevu zako unapiga pedeli kama mpeleka maziwa."

"Mwenye Landkruza haoni kitu, Zuwena. Anapita tu."

Na ni kweli. Mwaka ule rafiki yangu alinishusha Fanja na pikapu yake, nikaanzia pale. Nikapita Samail chini ya mitende, nikapita Izki, nikalala Nizwa. Asubuhi nikakaa karibu na ngome nikila halwa ya moto mpaka vidole vikagandana. Nikaenda Manah, kwenye mji wao wa udongo uliohamwa, nyumba zimesimama na milango yake ya nakshi utadhani uko Malindi, ila hakuna mtu, ni njiwa tu. Nikateremka Adam, nikakata mpaka Sinaw, nikawakuta wanawake wa Kibedui na barakoa zao wanashindana bei ya mbuzi kwa sauti kuliko wanaume. Jioni nikifika kijijini nakwenda sabla, ile baraza yao ya wageni, naletewa kahawa na tende, naulizwa mimi mwana wa nani. Nikifungua mdomo tu, lazima atokee mtu kule nyuma: "Kumbe mwenzetu! Habari za pwani?" Wallahi sijapata kustarehe namna ile. Usiku nalala kama mtoto.

Siku ya kisa chenyewe nilikuwa nimeshapita Mudhaibi, naelekea Ibra. Kuna kijiji pale kati, jina lake sitalitaja, kwa sababu watu wake wapo na wana heshima zao. Badala ya kufuata lami, nikaona nikate ndani ya mashamba, nifuate falaji. Kama huijui, falaji ni mfereji wa maji unaotoka mlimani chini kwa chini mpaka mashambani, wameuchimba watu wa zamani kwa mikono. Mimi mtu wa mabomba. Nikiiona falaji nasimama kama mwingine anavyosimama kwa bibi harusi.

Njia ilikuwa nyembamba, huku ukuta wa udongo, huku maji, na juu makuti ya mitende yamefungana. Chini kulikuwa na miba ya msamuri, ule mgunga wao. Nikasikia fyuu. Tairi la nyuma. Nikashuka, nikatoa tyubu, nikaona haifai tena: imechanika pale penye ncha ya kutilia upepo, mahali ambapo kiraka hakishiki. Nyingine sina, niliyokuwa nayo niliimaliza Adam. Nikaanza kuikokota baiskeli, huku naisema kwa Kiswahili kile ambacho mtu hakisemi mbele ya mama yake.

Nikapinda kona, nikamwona mtu.

Amekaa ukingoni mwa falaji, miguu ndani ya maji. Kijana, niseme miaka thelathini. Kanzu yake imefuliwa mpaka imekuwa rangi ya ukuta. Kichwani hana kofia, na huku mwanamume kutoka nje kichwa kitupu si kawaida. Nikatoa salamu. Hakuitikia. Nikadhani hakusikia, nikasalimu tena. Kimya. Jamani, nani asiyeitikia salamu, tena kijijini?

Kisha akasema, bila kuniangalia, kwa Kiswahili: "Pancha?"

Nikacheka, nikajua amenisikia nikiitukana baiskeli. "Pancha, ndugu yangu, na tyubu imekufa."

"Unatokaka wapi?"

Hiyo "unatokaka" nikaijua. Si ya Unguja. Ni Kiswahili cha kule ziwani, Uvira na Bujumbura, na watu wetu wengi wa Sharkia, mkoa huu wa mashariki, walirudi kutoka huko. Nikamwambia natoka Maskati, nakwenda Ibra, na nikipata bahati nitafika Sur. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Akanyanyuka, akaenda kwenye shina la mtende, akaanza kubambua lifu, zile nyuzi za kahawia zinazoufunga mtende kama kilifu kinavyofunga mnazi kwetu. Akaichovya majini, akaisokota kwa mkono wa kushoto, nyuzi tatu tatu, kila mara anarudisha ncha chini na kuibana. Kisha akanishindilia tairini pole pole, mzunguko mzima, mpaka tairi likajaa, gumu kama lina upepo. Mimi nimeendesha baiskeli maisha yangu yote, sikuwahi kuona kitu kile.

Nikamwambia, "Allah akujaze kheri. Umejifunzia wapi?"

"Bujumbura tulikuwa tunatia majani. Huku lifu ni nzuri zaidi."

Nikatoa chungwa begini nikampa. Hakupokea. "Liweke hapo," akasema. Nikaliweka ukutani. Akakaa tena, akarudisha miguu majini.

Sasa nisikilize vizuri. Nimekwambia kazi yangu maji. Maji ya falaji yale yalikuwa yanakwenda kwa nguvu. Kijiti kikianguka kinachukuliwa. Maji ya namna hiyo yakikuta mguu lazima yagawanyike, yafanye vile vijimkunjo viwili kama mkia wa mbayuwayu. Nilitazama miguu ya yule kijana. Maji hayakugawanyika. Yalipita sawasawa, kama hapana kitu. Niliona, na moyo wangu ukasema: usione. Nikainama nikajishughulisha na nati za gurudumu.

Akasema, "Toka upande ule, utaona nyumba ina mlango wa buluu. Mama yangu yumo. Mwambie asiniwekee tena sahani. Nimeshiba. Ampe mwingine."

"Nimwambie maneno yametoka kwa nani?"

 Nikainua kichwa, na ukingoni hapana mtu. Nikazunguka huku na huku. Kisha nikasikia makuti yanachakarika juu, juu sana. Palikuwa na mtende mrefu kupita yote, umeinama kidogo juu ya maji, naye yuko kileleni, amekaa kati ya makuti kama mtu aliyekaa barazani kwake. Hana kamba ya kupandia. Mtu hodari kwa kamba hupanda mtende ule kwa dakika kadhaa, na mimi nilikuwa nimekaza nati mbili tu.

"Nenda," akasema kutoka kule. "Hawajala bado."

Nikaenda. Unadhani ningefanya nini? Nilipanda baiskeli nikapiga pedeli, na lile tairi la lifu halikuyumba hata kidogo.

Mlango wa buluu niliupata upesi. Nilitaka kuupita, nakiri. Mtu gani anayebisha nyumba ya watu asiowajua akasema maneno yale? Lakini nilikuwa na kiu, ulimi umekauka mpaka juu, na baiskeli kama imesimama yenyewe. Nikabisha. Akafungua mwanamke ambaye bado kijana, ushungi umemkaa vizuri, uso wa mtu aliyechoka. Nikaomba maji kwa Kiarabu. Akanisikiliza, akatabasamu.

"Shikamoo, ami. Wewe si mtu wa huku. Karibu ndani, mama yupo."

Jina lake Asha, mwalimu wa skuli ya wasichana. Mumewe alikuwa anafanya kazi Sur, akija mwisho wa wiki. Mama yake Asha, Bi Salma, alikuwa kikongwe mdogo mdogo, kanga mbili, macho makali. Nikamwamkia. Akanikalisha kwenye mkeka wa baraza ya ndani, akataka kujua ukoo wangu wote mpaka wa nne. Alipojua nimepita Manah kwa baiskeli akapiga kofi: "Na miguu yako hiyo myembamba!" Nikasahau hofu kidogo. Nyumba ilikuwa inanukia dagaa wa ziwani, wale wadogo wakavu. Kuna jamaa yao huwaletea kutoka Bujumbura.

Kikaja chakula: wali, dagaa kwa ndimu na pilipili, maharage. Kabla hatujagusa, Bi Salma akajaza sahani moja pembeni, akaifunika kawa, akanyanyuka kwa shida akaipeleka kibarazani upande wa mashamba, akaiweka juu ya jiwe. Akakaa huko huko, anatazama mitende.

 Nikamuuliza Asha kwa sauti ya chini, "Ile ya nani?"

"Ya kaka yangu Saidi." Kisha yakamtoka. "Alianguka mtende, ami. Mwaka wa tatu sasa. Tumemwosha, tumemzika. Lakini mama hakubali. Kuna watu walimjaza maneno kuwa Saidi hakufa, kachukuliwa. Mughayyab, ndivyo wasemavyo hapa: wachawi wanamficha mtu, nyinyi mnazika kivuli, naye yuko hai mashambani mwa watu anatumikishwa."

"Msukule," nikasema.

"Ndiyo huo. Basi kila siku sahani. Hitima hataki isomwe, anasema huwezi kumsomea aliye hai. Kuhama hataki, Saidi atarudi asikute mtu. Mume wangu ana nyumba Sur inatungoja, mimi nitamwacha vipi? Na yeye mume wangu atangoja mpaka lini?"

Nikamuuliza mtende wenyewe ulikuwa wapi. Akanielekeza kwa mkono: pale falaji inapopinda, ule mrefu ulioinama juu ya maji. "Haupo tena," akasema. "Mume wangu aliukata wiki ileile ya msiba. Kimebaki kisiki."

Niamini, ukiniamini kwa kitu kimoja tu katika kisa hiki kiwe hiki: jasho lilinitoka katika siku ya baridi. Nikamweleza Asha yote, neno kwa neno. Alibadilika rangi. Akanishika mkono wa kanzu, mwanamke wa heshima yake, akasahau.

"Usimwambie, ami. Nakuomba. Mama akijua Saidi ameonekana, hatalala tena. Atakwenda kukaa kwenye falaji na baridi hii, atakufa huko."

"Lakini kaniagiza."

"Kakuagiza nani? Nani?" Machozi yakamlenga. "Kaka yangu nimemwona sandani."

 Mkononi mwangu nina agizo, mbele yangu mtu aliye hai analia. Nikamwambia basi, nitanyamaza, nitakula niende zangu. Na ningenyamaza kweli. Lakini tuliposikia kimya kimezidi kule nje, tukatoka, tukamkuta Bi Salma hayuko kwenye jiwe. Yuko uani, amechutama penye baiskeli yangu. Uzi wa lifu ulikuwa umechomoza kati ya tairi na ringi, naye ameushika, anaufuata kwa kidole, ile misokoto mitatu mitatu na ncha iliyorudishwa chini.

"Nani kakutilia hii?" akauliza.

Asha akaniangalia. Mimi nikamwangalia mama. Bibi yule alikuwa ananitazama kama mtoto anavyotazama mkono uliofumba. Nikashindwa kumwongopea.

"Kijana mmoja, mama. Falajini. Akasokota kwa mkono wa kushoto."

Hakupiga kelele, hakuanguka. Akauliza, "Alivaa kofia?"

"Kichwa kitupu."

Akacheka. Haki ya Mungu alicheka, mpaka kanga ikamdondoka begani. "Nimegombana naye kwa kofia tangu ana miaka saba!" Kisha akainua uso, akaniuliza pole pole, na sijasahau alivyouliza: "Amekonda?"

"Hapana, mama. Hakukonda."

"Kasemaje?"

Nikampa kama nilivyopewa, sikuongeza wala sikupunguza. Asiniwekee tena sahani. Nimeshiba. Ampe mwingine.

 Asha amejiziba mdomo na ushungi.  Kisha Bi Salma akanyanyuka mwenyewe, akaenda kibarazani, akaichukua ile sahani juu ya jiwe, akafunua kawa, akaja akaniwekea mbele.

"Basi kula, mwanangu. Usiache hata punje."

Nikala. Unacheka? Nililia na nikala, nikamaliza, na dagaa wale hawajapata mfano mpaka leo. Alasiri ilipoadhiniwa akamwambia Asha, kama mtu anayeagiza chumvi dukani: "Kesho mwite imamu. Waje wasome. Na mumeo mwambie alete gari kubwa, mimi na makabati yangu siachi kitu."

Yeye Bi Salma alielewa vipi, sijui. Asha anashika kuwa kaka yake kafa na roho yake imetulia. Mama, nadhani mpaka mwisho, alishika kuwa mwanawe yupo pahala, hai, anakula vizuri. Sikumuuliza. Kila mmoja alilala na lake, na nyumba ikapata usingizi.

Mimi nilikwenda Ibra na tairi lile. Mpakistani wa duka la banchari, la kuziba pancha, alipolifungua akaanza kuvuta lifu, akavuta, akavuta, akashangaa. Siku mbili zilikuwa zimepita juani na vumbini, na lifu ilikuwa bado inachuruzika maji. Akaniuliza nimepita mtoni? Nikamwambia ndiyo. Akanitilia tyubu mpya, nikaendelea na safari yangu mpaka Wadi Bani Khalid, nikaoga kwenye vile vidimbwi vya kijani, nikafika Sur salama. Tena kwa furaha, usidhani nilikwenda ninatetemeka. Sijui namna ya kueleza. Kama mtu aliyefikisha mzigo.

Bi Salma alihamia Sur kabla baridi haijamalizika. Kila mwaka nikipita huko ilikuwa lazima nile kwake, na hakuniuliza tena hata mara moja habari za falaji. Aliniuliza za miguu yangu. Allah amrehemu, alikufa kitandani kwake, Asha yuko pembeni na wajukuu wawili.

Lakini mimi kuna kitu kimenibakia. Nikiwa mashambani nikamwona mtu ametia miguu majini, siangalii uso wake, naangalia maji. Siwezi kujizuia. Watu wa vijijini wanadhani nina wazimu wa mifereji. Mara moja tu nyingine, kwenye miguu ya mzee mmoja karibu na Izki, maji hayakugawanyika. Yule mzee hakusema neno, nami nikapita na salamu yangu, sikusimama. Zuwena nilipomweleza alininyang'anya ufunguo wa kufuli la baiskeli. Baadaye akakubali kwa sharti: nikienda, naye yumo nyuma yangu na gari, taa za hatari zinawaka, chupa ya kahawa kitini, ananipigia honi nikichelewa mlimani. Ndiyo safari zangu siku hizi. Malori yanatupita yanatucheka.

Na wewe unayesikia, nakuonya kwa wema. Ukiwa peke yako kwenye mashamba yale, baada ya adhuhuri kabla ya alasiri, ukamsalimu mtu asiitikie, usimtanie na usimshike. Akikusaidia, shukuru. Akikaa kimya, pita. Lakini akikupa neno la kupeleka kwa watu wake, usilipeleke kesho, usilipambe, usilihukumu kama lina maana. Lifikishe siku ileile, kama lilivyo. Hofu yako iahirishe mpaka ufike kwako, uoge, ufunge mlango; hapo uogope utakavyo.